Betri za ndege za mfano: Hatari iko mezani, si angani

MTU anayenunua ndege ya mfano kwa mara ya kwanza huwa na maswali mengi: huruka umbali gani, ina kasi gani, na ikianguka vipuri vyake vitapatikana wapi. Ni nadra aulize kuhusu betri, ilhali betri ndiyo sehemu ya chombo hicho inayoweza kuteketeza nyumba.

Ndege hizi ndogo, sawa na droni zinazotumiwa kupiga picha za harusi au kupima mashamba, hupata nguvu kutoka kwa betri za lithiamu zinazochajiwa tena na tena. Betri hizo ni nyepesi na zina nguvu nyingi, lakini hazina subira na mtumiaji mzembe.

Nchini Kenya, vyombo vya angani visivyo na rubani husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege (KCAA) chini ya kanuni za mwaka wa 2020. Hata hivyo, betri inapochomekwa kwenye chaja usiku sebuleni, hakuna afisa wa kusimama kando ya meza. Usalama wa nyumba humtegemea mtumiaji mwenyewe, na kama anaelewa maana ya tarakimu chache zilizochapishwa kwenye lebo ya betri yake.

Zilikotoka

Kabla ya miaka ya 2000, ndege nyingi za mfano zilirushwa kwa injini ndogo za mafuta. Zile za umeme zilitegemea betri za nikeli na kadimiamu, ambazo zilikuwa nzito kiasi kwamba ndege ilitumia sehemu kubwa ya nguvu zake kuibeba betri yenyewe.

Mabadiliko yalitokana na utafiti uliochukua miaka mingi. Stanley Whittingham alianza kuunda betri ya lithiamu katika miaka ya 1970. Mnamo 1980, John Goodenough na wenzake katika Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walionyesha kwamba oksidi ya kobalti ingeweza kuiongezea betri hiyo nguvu. Naye Akira Yoshino wa Japani aliunda mwaka wa 1985 betri iliyokuwa salama zaidi, na kampuni ya Sony ikaanza kuuza betri za aina hiyo mnamo 1991. Wanasayansi hao watatu walituzwa pamoja Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka wa 2019.

Faida yake inaeleweka kwa hesabu nyepesi. Seli moja ya nikeli hutoa volti 1.2, ilhali seli moja ya lithiamu hutoa wastani wa volti 3.7. Hivyo basi, seli moja ya lithiamu hufanya kazi ya seli tatu za nikeli, na uzito wake ni mdogo zaidi.

Betri zinazotumiwa na ndege za mfano huitwa lithiamu-polima, au lipo kwa kifupi. Badala ya mkebe wa chuma, seli zake hufungwa kwenye mfuko laini wa karatasi ya alumini na plastiki. Mfuko huo hupunguza uzito, lakini pia hutoboka kwa urahisi na hufura gesi inapojikusanya ndani yake.

Ndani ya kila seli mna tabaka mbili, ya grafaiti upande mmoja na ya oksidi ya metali upande wa pili, zikitenganishwa na utando mwembamba wa plastiki. Chembechembe za lithiamu, yaani ioni, husafiri kupitia kimiminika kilicho kati ya tabaka hizo. Betri inapochajiwa ioni huelekea kwenye grafaiti, na inapotumika hurudi zilikotoka.

Kimiminika hicho hushika moto kwa urahisi. Utando ukiharibika, iwe ni kwa joto, kwa pigo au kwa kuchajiwa kupita kiasi, pande hizo mbili hugusana na kusababisha shoti ndani ya seli. Joto hupanda, joto hilo huchochea kemikali kutoa joto zaidi, na seli jirani nazo hufuata. Mchakato huo ukishaanza, ni vigumu mno kuusimamisha.

Kusoma lebo

Tuchukue mfano wa betri inayotumiwa sana katika ndege za ukubwa wa wastani. Lebo yake ina maandishi haya: 3S, volti 11.1, miliampea-saa 2,200, 25C.

Tarakimu ya kwanza, 3S, huonyesha kwamba ndani mna seli tatu zilizounganishwa kwa mfululizo. Kila moja ina volti 3.7, na zikijumlishwa hutoa volti 11.1. Huo ni wastani tu. Seli iliyojaa kabisa huwa na volti 4.2, kwa hivyo betri nzima ikijaa hufika volti 12.6. Haifai kupita hapo.

Miliampea-saa 2,200 ni kiasi cha umeme ambacho betri inaweza kuhifadhi. Maana yake ni kwamba inaweza kutoa mkondo wa ampea 2.2 kwa muda wa saa moja, au mkondo mkubwa zaidi kwa muda mfupi zaidi.

Herufi C huhusisha kiasi hicho na ukubwa wa mkondo. Kwa betri hii, 1C ni ampea 2.2. Kwa hivyo 25C ni ampea 55, ambao ndio mkondo mkubwa ambao mtengenezaji anadai betri inaweza kuutoa bila kudhurika. Wauzaji wengi hutia chumvi hapa, na mnunuzi mwenye busara huchagua betri yenye uwezo unaozidi kwa mbali mahitaji ya mota yake.

Kosa ambalo wageni wengi wa mchezo huu hufanya ni kudhani kwamba 25C inahusu kuchaji. La hasha. Tarakimu hiyo inahusu kutoa umeme. Kuchaji kuna kiwango chake, na mtengenezaji asipotaja kingine, kiwango salama ni 1C. Betri ya miliampea-saa 2,200 huchajiwa kwa ampea 2.2, ya 1,300 kwa ampea 1.3, na ya 5,000 kwa ampea 5.

Kuchaji hatua kwa hatua

Jambo la kwanza ni chaja yenyewe. Betri ya lithiamu haichajiwi kwa chaja ya betri ya gari wala ya betri za nikeli. Chaja ya nikeli hungoja dalili fulani ya volteji ndipo isimame, na dalili hiyo haionekani kwa lithiamu. Matokeo yake ni kwamba chaja huendelea kusukuma umeme hata baada ya betri kujaa.

Chaja ya lithiamu hufanya kazi kwa awamu mbili. Katika awamu ya kwanza hutoa mkondo usiobadilika, tuseme ampea 2.2, huku volteji ikipanda polepole. Seli zikifika volti 4.2, chaja huzuia volteji isipande zaidi na kuanza kupunguza mkondo kidogo kidogo. Mkondo ukishuka hadi takriban sehemu moja ya kumi ya ule wa mwanzo, chaja husimama. Kwa kiwango cha 1C, shughuli nzima huchukua muda wa saa moja au zaidi kidogo.

Chaja nyingi za kisasa zinaweza kuchaji betri za aina mbalimbali, na hapo ndipo mtego ulipo. Mtumiaji hulazimika kuchagua aina ya betri, idadi ya seli na ukubwa wa mkondo. Betri ya seli mbili ikichajiwa kana kwamba ina seli tatu, kila seli itasukumwa kuelekea volti 6.3 badala ya 4.2. Moto huwa karibu sana.

Aidha, zipo betri za lithiamu zisizofanana na lipo. Zile za chuma na fosfeti hujaa kwenye volti 3.6 hivi kwa kila seli, ilhali baadhi ya lipo za toleo jipya zimeundwa kufika volti 4.35. Kuchanganya mipangilio ya aina hizi ni hatari, na ndiyo sababu lebo husomwa kila mara badala ya kutegemea kumbukumbu.

Utaratibu wa kuunganisha nyaya nao una umuhimu wake. Nyaya huunganishwa kwanza kwenye chaja, kisha kwenye betri. Wakati wa kutoa, betri hutangulia. Anayefanya kinyume hujikuta ameshika ncha mbili za chuma zilizo wazi zikiwa na umeme, na zikigusana hutoa cheche na kuharibu betri papo hapo.

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kuanza, mtumiaji hulinganisha tarakimu kwenye kioo cha chaja na zile za lebo. Idadi ya seli ambayo chaja imeitambua isipolingana na lebo, hilo ni onyo kwamba seli moja ina kasoro au mipangilio imekosewa. Betri hiyo haifai kuchajiwa hadi sababu ijulikane.

Kusawazisha seli

Betri yenye seli zaidi ya moja huwa na nyaya za aina mbili. Zile nene hupitisha umeme wa kuendesha mota. Zile nyembamba, zilizo na plagi ndogo nyeupe, huiwezesha chaja kupima na kurekebisha kila seli peke yake. Watumiaji wengi hupuuza plagi hiyo ndogo kwa sababu betri hujaa hata bila kuichomeka.

Hatari ya kufanya hivyo inaweza kuelezwa kwa mfano. Tuseme seli tatu zina volti 4.3, 4.2 na 4.1. Jumla yake ni 12.6, sawasawa na inavyotakikana. Chaja inayotazama jumla tu itaridhika, ilhali seli ya kwanza imeshapita kiwango na ya tatu haijajaa. Kila betri inapochajiwa upya pengo hilo huzidi kupanuka, na seli iliyozidishiwa huanza kufura.

Chaja ya kusawazisha hupunguza umeme katika seli iliyotangulia ili zilizobaki nyuma ziifikie. Inapendekezwa kusawazisha kila mara, hata kama kufanya hivyo huongeza dakika kadhaa. Tofauti kati ya seli ikiwa kubwa baada ya kila safari, betri hiyo imeanza kuzeeka.

Mahali pa kuchajia

Kanuni inayotangulia zote ni kwamba betri ya lithiamu haiachwi ikichajiwa pasipo mtu wa kuitazama. Haichajiwi usiku watu wakiwa wamelala, wala haiachwi mezani mwenyewe akienda dukani.

Mahali panapofaa ni juu ya sakafu ya saruji, mbali na pazia, kochi, zulia, karatasi na mitungi ya gesi. Haifai kuchajia mlangoni au kwenye ushoroba ambao ndio njia pekee ya kutokea, kwa kuwa moto ukizuka hapo utawafungia watu ndani.

Wapo wanaonunua mifuko maalum ya kuhimili moto. Mifuko hiyo husaidia kupunguza miale, lakini haizuii moshi na haipaswi kumfanya mtu alegeze ulinzi. Chungu kikubwa cha udongo juu ya matofali, pamoja na ndoo ya mchanga mkavu kando yake, ni kinga isiyo ghali. Sanduku la chuma nalo linafaa mradi lisifungwe kabisa, kwa sababu gesi isipopata pa kutokea hugeuza sanduku kuwa bomu.

Stima ikipotea ghafla na kurejea, mtumiaji hukagua upya mipangilio ya chaja kabla ya kuendelea. Iwapo haijulikani stima itarudi lini, ni heri kuitoa betri, kwani baadhi ya chaja zisizo na umeme hufyonza betri polepole kupitia nyaya zake.

Uwanjani, wengi huchajia kutoka kwa betri ya gari. Hilo linakubalika ikiwa chaja imeundwa kwa volti 12, lakini haifai kuchajia ndani ya gari. Isitoshe, anayechaji betri nyingi mfululizo bila kuiwasha injini anaweza kukosa umeme wa kuwashia gari jioni.

Betri iliyotoka kutumika huachwa ipoe kwanza. Vilevile haichajiwi ikiwa na baridi kali. Chini ya nyuzi 0 za selsiasi, lithiamu hujishikiza juu ya grafaiti kama metali badala ya kuingia ndani yake, na uharibifu huo haurekebishiki.

Wakati wa kurusha

Jinsi betri inavyotumiwa angani huamua itakavyokuwa inaporudi mezani. Seli ya lithiamu haipaswi kushuka chini ya volti 3.0 hata kidogo. Ikishuka mno, shaba iliyo ndani yake huanza kuyeyuka, na betri inapochajiwa tena shaba hiyo huweza kusababisha shoti ya ndani.

Kwa sababu hiyo, warushaji wenye uzoefu hutumia asilimia 80 pekee ya uwezo wa betri. Kwa betri ya miliampea-saa 2,200, hiyo ni 1,760. Swali ni jinsi ya kujua kiasi hicho ndege ikiwa angani.

Jibu lipo kwenye chaja. Mrushaji huruka kwa dakika tano, hutua, kisha huichaji betri hadi ijae na kusoma kiasi cha umeme kilichorudishwa. Tuseme chaja inaonyesha miliampea-saa 1,100. Ndege hiyo basi hutumia 220 kwa kila dakika. Akigawanya 1,760 kwa 220 anapata dakika nane. Ili kuacha nafasi ya kutua kwa utulivu, hutega saa ya rimoti ilie baada ya dakika saba.

Kifaa kinachodhibiti kasi ya mota huweza kukata umeme volteji inaposhuka, lakini si busara kukitegemea. Kwanza, hupima jumla ya seli zote na huenda kisigundue seli moja iliyo dhaifu. Pili, kukatika kwa mota ndege ikiwa juu ya miti au watu ni hatari nyingine. Kengele ndogo inayochomekwa kwenye plagi ya kusawazisha, ambayo hulia seli yoyote inaposhuka, haigharimu pesa nyingi.

Ndege ikianguka, betri huondolewa na kuwekwa mahali peupe, mbali na nyasi kavu na gari, kisha hutazamwa kwa saa moja hivi au zaidi. Seli iliyopondeka huweza kuonekana nzima na kushika moto baadaye. Kuirudisha haraka kwenye buti la gari ni kuhatarisha maisha ya watakaokuwa ndani.

Kuhifadhi

Wengi hudhani kwamba betri iliyojaa ndiyo iliyo tayari kuhifadhiwa. Kinyume chake ndicho kweli. Betri ya lipo inayokaa wiki kadhaa ikiwa imejaa huchakaa haraka, na inayokaa ikiwa tupu huenda isiamke kamwe.

Kiwango kinachofaa ni volti 3.8 hivi kwa kila seli, yaani karibu nusu ya uwezo wake. Chaja nyingi zina mpangilio maalum wa kuhifadhi ambao huongeza au kupunguza umeme hadi kiwango hicho. Betri ambazo hazitatumika katika siku mbili tatu zijazo hupaswa kupitishwa hapo. Mvua ikiahirisha urushaji wa Jumamosi, betri zilizochajiwa Ijumaa usiku zisiachwe zikiwa zimejaa hadi wikendi inayofuata.

Joto ni adui mwingine. Gari lililofungwa na kuegeshwa juani huweza kupita nyuzi 50 za selsiasi ndani, na betri iliyo kwenye dashibodi hupata joto zaidi. Wakazi wa Mombasa, Lamu na maeneo mengine yenye joto wana sababu ya kuwa waangalifu zaidi katika kuchagua chumba baridi na kikavu cha kuhifadhia.

Betri kadhaa hazifai kurundikwa pamoja na nyaya zao zikigusana. Kila moja hufunikwa ncha zake na kutengwa na funguo, sarafu na misumari. Ni vyema pia kukagua volteji kila baada ya mwezi mmoja au miwili.

Dalili za betri mbovu

Betri ya lipo haidumu milele, hata ikitunzwa vyema. Dalili za uzee huanza mapema. Ndege hukosa nguvu ya kupaa, betri huwa na joto kuliko kawaida baada ya kutua, na muda wa kuruka hupungua.

Chaja zenye uwezo wa kupima ukinzani wa ndani hutoa picha iliyo wazi zaidi. Ukinzani huo hupimwa kwa miliomu. Mtumiaji akiandika kipimo cha kila seli betri ikiwa mpya, atatambua ukinzani unapoongezeka maradufu au seli moja inapojitenga na nyingine. Vipimo hulinganishwa vikichukuliwa katika joto sawa, kwa sababu betri baridi huonyesha ukinzani mkubwa.

Kufura ni dalili ambayo haihitaji kipimo. Mfuko uliovimba una gesi iliyotokana na kuvunjika kwa kimiminika cha ndani. Betri iliyofura, iliyopondeka, iliyotoboka au yenye harufu tamu isiyo ya kawaida haichajiwi tena. Kuitoboa ili gesi itoke, kama wanavyofanya baadhi ya watu, ni kualika moto.

Hapa ndipo tamaa huwaponza wengi. Betri nzuri ni ghali, na mwenyewe hushawishika kuichaji mara moja tu zaidi. Hasara ya kuitupa hailingani na ya kuteketea kwa nyumba.

Moto ukizuka

Betri ikianza kutoa moshi au sauti ya mfoko, jambo la kwanza ni kuwaondoa watu. Moshi huo una kemikali zenye sumu, ikiwemo floridi ya hidrojeni, inayodhuru mapafu na macho. Umeme huzimwa kwenye swichi ya ukutani au swichi kuu, iwapo inafikika bila kuupitia moshi.

Ikiwa betri iko kwenye chungu au juu ya saruji na hakuna kitu karibu nayo kinachoweza kushika moto, mara nyingi ni salama zaidi kuiacha iungue hadi iishe. Mchanga husaidia kuzuia miale isisambae, ingawa haupoozi seli.

Wengi huogopa kutumia maji kwa kuwa walifunzwa shuleni kwamba lithiamu hulipuka ikikutana nayo. Betri hizi hazina bonge la metali hiyo, na maji mengi husaidia kupoza seli ili moto usihamie kwa nyingine, mradi umeme wa nyumba umezimwa kwanza. Moto ukishashika samani au dari, si kazi ya mwenye nyumba tena. Watu hutoka nje na kuwaita wazimamoto au kupiga simu ya dharura ya 999 au 112.

Hata betri iliyozimika huweza kuwaka upya saa kadhaa baadaye, kwa hivyo haiingizwi ndani ya nyumba siku hiyo.

Kusafiri na kutupa

Ulimwengu wa ndege kubwa ulijifunza somo hili kwa uchungu. Mnamo Septemba 3, 2010, ndege ya mizigo ya kampuni ya UPS aina ya Boeing 747 ilianguka Dubai baada ya moto kuzuka katika shehena iliyokuwa na betri za lithiamu. Marubani wote wawili walifariki. Kuanzia Aprili 1, 2016, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) lilipiga marufuku shehena za betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake kwenye ndege za abiria, na kuagiza kwamba zinazosafirishwa kwa ndege za mizigo zisichajiwe kupita asilimia 30.

Abiria anayebeba betri za ziada huziweka kwenye mkoba anaoingia nao ndani ya ndege, si kwenye mizigo inayopelekwa chini. Ncha zake hufunikwa. Kipimo kinachotumika ni wati-saa, ambazo hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea-saa. Betri yetu ya mfano, volti 11.1 mara 2.2, ina wati-saa 24.4, na iko chini sana ya kikomo cha 100. Betri ya seli sita yenye miliampea-saa 5,000 ina wati-saa 111, na huhitaji idhini ya shirika la ndege. Zinazozidi 160 haziruhusiwi kwa abiria.

Betri iliyofika mwisho haitupwi kwenye pipa la taka za jikoni. Ikipondwa na lori la taka ikiwa bado na umeme huwaka. Isiyo na jeraha humalizwa umeme polepole kwa chaja yenye uwezo huo au kwa balbu ndogo ya gari, ikiwa mahali peupe na chini ya uangalizi. Wapo wanaoizamisha kwenye maji ya chumvi, lakini mara nyingi chumvi hula ncha za nyaya kabla umeme haujaisha, na betri huonekana imekufa ilhali bado ina nguvu. Iliyofura au kupondeka huwekwa kwenye mchanga na kupelekwa ilivyo.

Baada ya hapo ncha hufunikwa na betri hupelekwa kwa wanaokusanya taka za kielektroniki, kama vile WEEE Centre jijini Nairobi, baada ya kuwaeleza mapema ni betri ya aina gani na iko katika hali gani.

Kwa wanaomiliki betri kadhaa, hatua ya mwisho ni ndogo na haigharimu chochote: kuandika tarehe ya ununuzi na nambari juu ya kila betri, na kuweka daftari la idadi ya mara ilizochajiwa na vipimo vya ukinzani wake. Daftari hilo ndilo litakalomwambia mwenyewe, kabla ya moshi kumwambia, kwamba betri nambari tatu haifai kuwekwa mezani tena.